Simulizi ipi ya ufufuko, na kwa nani: Marko, Mathayo, Luka, Yohana au Paulo?

Mtu akipangiwa zamu ya neno wiki ya Pasaka, au akifuatwa msibani na kuombwa aseme machache ya faraja, kinachomtoa jasho kwanza ni atasoma wapi. Agano Jipya lina sehemu tano kubwa juu ya ufufuko wa Yesu: Marko 16, Mathayo 28, Luka 24, Yohana 20 na 21, na 1 Wakorintho 15. Zote zinakiri kwamba Yesu aliyesulibiwa zama za Pontio Pilato, akafa na kuzikwa, Mungu alimfufua. Lakini ukiziuliza "kwa hiyo sisi tufanyeje?", kila moja ina jibu lake, na jibu linalomwinua mmoja linaweza kumpita mwenzake pembeni.

Wengi hujinasua kwa kuzichanganya. Jiwe la Marko, tetemeko la Mathayo, safari ya Emau ya Luka, machozi ya Mariamu wa Yohana, halafu Paulo anafunga kwa "u wapi, ewe mauti". Kila kitu kimetajwa na hakuna kilichopata nafasi ya kukaa moyoni. Naona ni heri kuchagua sehemu moja na kuiacha iseme yote iliyo nayo, hata pale inapokera.

Kwa Wakatoliki sehemu ya uchaguzi imeshafanywa. Injili ya mkesha wa Pasaka hufuata mzunguko wa miaka mitatu: Mathayo mwaka A, Marko mwaka B, Luka mwaka C, na Jumapili mchana husomwa Yohana 20:1-9. Ila jumuiya ndogondogo, wodi ya hospitali, shule, gereza na turubai la msiba havina ratiba hiyo. Hapo katekista anabaki na uhuru uleule alio nao mwinjilisti wa mtaa wa Kilutheri au mzee wa kanisa la Kipentekoste, na uhuru ndio unaosumbua.

Vigezo

Nimepima kila sehemu kwa mambo manne. La kwanza ni hali ya watu waliomo: wanaingia na nini moyoni na wanatoka na nini, kwa sababu msikilizaji hujitafuta humo kabla hajasikia mafundisho yoyote. La pili ni maana ya ufufuko katika andiko hilo hasa, si katika imani kwa jumla. La tatu ni ugumu wake, yaani aya ambayo kijana wa kidato cha nne atakuuliza ibada ikiisha. La nne ni nani linamfaa, na nani afadhali asomewe jingine. Urefu nitautaja pale unapoleta shida.

Marko 16:1-8

*Waliomo.* Wanawake watatu, Mariamu Magdalene, Mariamu mama wa Yakobo, na Salome, wamenunua manukato baada ya sabato na wanakwenda alfajiri kuupaka mwili. Hakuna kati yao anayetegemea muujiza. Wanakwenda kumalizia mazishi yaliyofanywa haraka, na mazungumzo yao njiani ni ya watu wenye kazi ya kufanya: "Ni nani atakayetufingirishia lile jiwe?" Wanakuta limeshaondolewa. Kijana aliyevaa vazi jeupe anawaambia kwamba Yesu amefufuka, wakawaambie wanafunzi wake na Petro kuwa anawatangulia Galilaya. Wanatoka mbio, hawamwambii mtu neno, "maana waliogopa."

*Maana.* Katika aya hizi nane Yesu mwenyewe haonekani. Kuna kaburi tupu, kuna neno, kuna ahadi ya mahali pa kukutana. Na mahali penyewe ni Galilaya, kule kwenye nyavu na mashua walikoitiwa mara ya kwanza. Ufufuko kwa Marko ni kuitwa upya na yule uliyemkimbia. Petro anatajwa kwa jina lake, yeye aliyeapa uani kwa kuhani mkuu kwamba hamjui mtu huyo, na kutajwa huko kunatosha kumjulisha kwamba bado anahesabiwa.

*Ugumu.* Ni mwisho wake. Nakala mbili za kale zinazoheshimiwa sana, Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, zinaishia aya ya 8. Aya ya 9 hadi 20 zimo katika nakala nyingi za baadaye, na Biblia nyingi za leo huziwekea mabano au maelezo. Humo ndimo ilimo habari ya kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha bila kudhurika, ambayo imewahi kuwaponza watu. Usiwafiche waumini jambo hili. Wenye simu watalikuta wenyewe. Somo la mkesha wa mwaka B kwa Wakatoliki husimama aya ya 7, kabla ya hofu na ukimya. Naelewa sababu, usiku ule ni wa shangwe. Lakini nje ya usiku huo mimi ningesoma hadi aya ya 8 na kunyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

*Linamfaa nani.* Watu waliopigwa na mshtuko. Familia iliyopata simu ya ajali usiku haihitaji kuambiwa ishangilie. Inahitaji kusikia kwamba mashahidi wa kwanza wa habari njema walitetemeka, na habari ikabaki njema. Linamfaa pia mwenye dakika tano tu. Watoto litawaacha njia panda, na anayetafuta orodha ya waliomwona Yesu hataipata hapa.

Mathayo 28

*Waliomo.* Hapa kuna kelele. Pilato ametoa walinzi, jiwe limetiwa muhuri, na wakuu wanaamini wamemaliza kazi. Nchi inatetemeka, malaika anashuka, analivingirisha jiwe na kulikalia. Walinzi wanakuwa kama wafu huku aliyekufa akiwa hai, na Mathayo anaiacha kejeli hiyo ipite bila kuieleza. Wanawake wanatoka na hofu pamoja na furaha nyingi, wanakutana na Yesu njiani, wanamshika miguu. Baadaye wale kumi na mmoja wanapanda mlima Galilaya. Wanamsujudia, na baadhi yao wanaona shaka.

*Maana.* Mahakama ya wanadamu ilitoa hukumu, Mungu ameitengua. Ndiyo maana sentensi kubwa ya sura hii ni "Nimepewa mamlaka yote mbinguni na duniani." Ufufuko ni suala la mamlaka, na mamlaka hayo yanazaa utume: enendeni, batizeni, fundisheni. Wanaotumwa ni pamoja na wale wenye shaka. Yesu hawatengi kwanza upande mmoja, na ahadi ya "mimi nipo pamoja nanyi siku zote, hata ukamilifu wa dahari" inawahusu nao.

*Ugumu.* Kuna mawili. Mathayo 27:52-53 inasema makaburi yalifunuka na miili ya watakatifu ikafufuka, jambo ambalo waandishi wengine wa Injili hawalitaji. Usilianzishe kama huna muda wa kulimaliza. Zito zaidi ni habari ya walinzi kuhongwa waseme wanafunzi waliuiba mwili, na maneno kwamba uvumi huo umeenea "kati ya Wayahudi". Wanawake wale, mitume na Yesu mwenyewe walikuwa Wayahudi. Mhubiri asiyelisema hilo wazi anaweza kupanda chuki bila kukusudia, na historia ya Ulaya inaonyesha chuki hiyo ilivuna nini.

*Linamfaa nani.* Jumapili ya Pasaka yenyewe, kanisa likiwa limejaa na kwaya imejiandaa. Linafaa palipo na ubatizo, kipaimara, au kuagwa kwa mwinjilisti anayehamia mtaa mwingine. Linafaa pia watu waliochoshwa na uongo wenye mihuri ya ofisi. Ukifika pale askari wanapopewa fedha nyingi waseme walikuwa wamelala, kanisa litaguna kabla hujafafanua. Kwa mjane wa juzi nguvu zote hizi zinaweza kuwa makelele.

Luka 24

*Waliomo.* Wanawake wamekwenda kaburini, Yoana akiwa mmoja wao, na wanaume wawili waliovaa nguo za kumeta wanawauliza: "Kwa nini mnamtafuta aliye hai katika wafu?" Wanarudi na habari, na mitume wanaiona kama upuzi. Luka hawapambi mitume. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, aliandika kwamba ushahidi wa wanawake usipokewe kwa sababu ya wepesi wao. Basi kama mtu angetaka kutunga hadithi ya kuwashawishi watu wa zama zile, asingeianzia kwa wanawake.

Kisha ndio safari ya Emau, kijiji kilichokuwa kama kilomita 11 kutoka Yerusalemu. Wawili wanatembea, mmoja anaitwa Kleopa, wa pili hatajwi jina. Wanachokisema njiani kwa yule mgeni ni maneno ya mtu aliyevunjika moyo: tulikuwa tukitumaini. Wanazo habari zote. Wanajua kaburi ni tupu, wanajua wanawake waliona malaika, na bado wanaondoka mjini. Hapa Luka anasema jambo ambalo wahubiri wengi hatupendi kulisikia, kwamba mtu anaweza kuwa na taarifa kamili ya ufufuko na akaendelea kutembea akiuacha nyuma.

*Maana.* Yesu hawalaumu na kuwaacha barabarani. Anawafungulia Maandiko kuanzia Musa na manabii wote, anakubali kukaribishwa, anatwaa mkate, anabariki, anaumega. Macho yao yanafumbuliwa, naye anatoweka. Ufufuko kwa Luka unatambulika katika mambo mawili ambayo kanisa linayafanya hadi leo, neno linalofunguliwa na mkate unaomegwa. Ndiyo sababu sura hii imependwa sana katika mafundisho ya Ekaristi. Na kabla ya yote hayo kulikuwa na mwaliko wa kawaida kabisa: "Kaa pamoja nasi, kwa kuwa kumekuchwa." Wangemwacha apite, wasingemjua. Jioni hiyohiyo anawatokea wote Yerusalemu, wanadhani ni roho, naye anaomba chakula na kula kipande cha samaki mbele yao. Luka anataka tuelewe kwamba aliyefufuka si kivuli wala kumbukumbu tamu ya marehemu.

*Ugumu.* Sura ina aya 53, na ukiisoma yote alasiri ya joto utawapoteza watu kabla ya Emau. Kata, aya ya 13 hadi 35 zinajitosheleza. Halafu kuna mahali. Marko na Mathayo wanaelekeza Galilaya, kwa Luka kila kitu kinatokea Yerusalemu na karibu yake, na wanafunzi wanaambiwa wakae mjini. Idadi ya malaika nayo inatofautiana. Zipo juhudi za kale za kupatanisha habari hizi, na zipo hoja kwamba kila mwandishi alichagua anachotaka kukikazia. Mimi nauegemea upande wa pili, lakini sijawahi kuona mtu akipoteza imani kwa sababu aliambiwa ukweli kwamba tofauti zipo. Wanaoipoteza ni wale walioambiwa hazipo, kisha wakazikuta.

*Linamfaa nani.* Waliokata tamaa taratibu: aliyeacha kuja kanisani bila ugomvi wowote, kijana aliyemaliza chuo miaka kadhaa na kazi hana, wanandoa waliosubiri mtoto mpaka wakachoka kuomba. Linafaa sana jumuiya inayokutana nyumbani, kwa kuwa kilele chake kiko mezani. Mwenye haraka ya kupewa jibu atasumbuka, maana Luka anakutembeza.

Yohana 20 na 21

*Waliomo.* Yohana humshughulikia mtu mmoja mmoja. Mariamu Magdalene anafika kungali giza na haja yake ni ndogo: aonyeshwe mwili ulipo. "Wamemwondoa Bwana wangu, wala mimi sijui walikomweka." Petro na yule mwanafunzi mwingine wanakimbizana, wanaona vitambaa vya sanda na leso iliyokunjwa mbali, wanarudi nyumbani. Mariamu anabaki akilia. Anamwona Yesu na kumdhania mtunza bustani, mpaka anapoitwa jina lake. Jioni wanafunzi wamejifungia milango kwa hofu. Yesu anasimama katikati na kusema "Amani iwe kwenu", anawaonyesha mikono na ubavu. Tomaso hayupo, anakataa kusadiki kwa maneno ya wenzake, na baada ya siku nane anaonyeshwa alichotaka kukiona. Mwishoni, kando ya bahari ya Tiberia, kuna samaki 153, moto wa makaa, na Petro anaulizwa mara tatu kama anampenda Yesu.

*Maana.* Ufufuko kwa Yohana ni uhusiano uliorudishwa, na unarudishwa kwa kila mtu kulingana na jeraha lake. Mariamu anaitwa jina. Tomaso anapewa alama za misumari. Petro, aliyemkana Bwana akiota moto wa makaa katika sura ya 18, anasimamishwa tena mbele ya moto wa makaa. Mwili uliofufuka haukufuta makovu. Kwa watu waliopitia vita, kuungua, upasuaji au kupigwa nyumbani, hilo ni fundisho zima, na halihitaji kupambwa.

*Ugumu.* "Usinishike" anaambiwa Mariamu, na siku nane baadaye Tomaso anaalikwa kugusa. Maelezo yapo: Mariamu anang'ang'ania kurudisha hali ya zamani, na Yesu anamtuma aende kwa ndugu zake kwa sababu hali ya zamani hairudi. Lakini ukilisoma neno hilo msibani bila maelezo, binti aliyefiwa na mama yake anaweza kulisikia kama karipio. Jingine ni Tomaso. Tumemgeuza kuwa kielelezo cha ubishi, ilhali kilio chake, "Bwana wangu na Mungu wangu", ni ungamo kubwa kuliko yote katika Injili hiyo. Mhubiri anayemtumia kuwanyamazisha vijana wenye maswali anafanya kinyume cha alichofanya Yesu, aliyerudi kwa ajili yake.

*Linamfaa nani.* Wafiwa ambao machozi bado hayajakauka, hasa Yohana 20:11-18. Mwenye maswali, aya ya 24 hadi 29. Aliyeanguka na anaona aibu kurudi, sura ya 21. Hii ndiyo sehemu inayoweza kugawanywa vizuri kuliko zote. Upungufu wake ni kwamba inagusa mtu binafsi mno. Kanisa zima likihitaji kutumwa kazini, Mathayo anafanya vizuri zaidi.

1 Wakorintho 15

*Waliomo.* Hakuna bustani wala alfajiri. Kuna barua, iliyoandikwa Efeso kati ya mwaka 53 na 55 hivi, kwa waumini wa mji wa bandari uliojaa wafanyabiashara na mawazo ya kila aina. Ni andiko la zamani kuliko Injili zote nne. Baadhi ya Wakorintho walikuwa wamemkubali Kristo aliyefufuka na papo hapo wakasema hakuna ufufuo wa wafu. Katika fikra za Kiyunani zilizozagaa wakati ule roho ndiyo yenye thamani, mwili ni wa kuachwa. Kule Athene nako wengine walimcheka Paulo alipotaja jambo hilo. Wayahudi nao hawakuwa kitu kimoja, Mafarisayo waliamini ufufuo na Masadukayo waliukana.

*Maana.* Paulo anaanza na mapokeo aliyoyapokea yeye mwenyewe: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha Thenashara, wale kumi na wawili, kisha ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja ambao wengi walikuwa bado hai, kisha Yakobo, kisha mitume wote, na mwisho Paulo. Baada ya hapo anafunga mlango wa kutokea: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri ni bure na imani ni bure. Hakuna nafasi hapa ya kusema ufufuko ni fumbo zuri la matumaini tu.

Ila uzito wa sura uko katika neno limbuko. Mavuno ya kwanza yaliletwa hekaluni kama dalili ya shamba lote lililobaki. Kristo amefufuka wa kwanza; shamba linafuata. Kwa hiyo ufufuko wa Yesu na kaburi la bibi yako kijijini ni habari moja. Paulo hasemi roho ya bibi imepumzika na basi. Anasema mauti ni adui, adui wa mwisho, na atabatilishwa. Hapa ndipo mahubiri yetu mengi ya msibani yanapokwenda kinyume naye bila kujua, tunapokiita kifo rafiki, mlango au mapenzi ya Mungu yasiyoulizwa. Mfano wake wa mbegu, inayozikwa ikiwa punje na kuchipuka ikiwa kitu kingine kilicho chake, hauhitaji kufafanuliwa kwa mtu anayelima.

John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya (1931–2019), alidai kwamba katika fikra za asili za Waafrika wengi wakati ujao ni mfupi, na uzito uko nyuma kwa waliotutangulia. Wapo waliompinga vikali. Hata hivyo mhubiri atafaidika akijiuliza: ninaposema "siku ya mwisho parapanda italia", wazee hawa wanaona nini? Limbuko lina faida kwamba linaanzia kwa jambo lililokwisha kutokea, ndipo linakwenda mbele.

*Ugumu.* Aya 58 za hoja juu ya hoja. Aya ya 29 ina ubatizo kwa ajili ya wafu, ambao wafafanuzi hawajakubaliana juu yake, ipite. "Mwili wa roho" katika aya ya 44 hueleweka vibaya kana kwamba ni kitu kisicho na mwili, wakati Paulo amekaza mara kadhaa kwamba ni mwili. Na katika orodha yake ya mashahidi wanawake hawatajwi. Ukiisoma sura hii peke yake mwaka hadi mwaka, Mariamu Magdalene atasahaulika.

*Linamfaa nani.* Mwenye kichwa cha hoja, mwanafunzi wa chuo, darasa la katekesi la watu wazima, mtu anayeuliza kwa dhati kama imani hii ina msingi. Linafaa kaburini, wakati wa kushusha jeneza, kwa vipande vilivyochaguliwa. Halifai kama somo pekee la Pasaka ya watoto, wala kwa mtu ambaye leo hawezi kufuata sentensi mbili mfululizo kwa uchungu.

Ukiwa katika hali hii

Ibada ya alfajiri makaburini. Desturi hii Wamoravian wanayo tangu Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na kanisa hilo liko Rungwe tangu 1891. Marko au Yohana 20:1-18 vinalingana na saa yenyewe. Chagua Marko kama mnataka kusimama pamoja katika mshangao, Yohana kama mwaka huo mmezika wengi.

Msiba wa ghafla, wa kijana au mtoto: Marko, au Yohana 20 ukiishia aya ya 16, Mariamu anapojibu "Raboni", yaani Mwalimu. Usilete hoja za Paulo siku hiyo. Zitakuwa na nafasi arobaini ikifika.

Msiba wa mzee aliyeshiba siku, wajukuu wamejaa uwanjani: 1 Wakorintho 15:20-26, kisha 51-57. Hapo watu wana nguvu ya kusikia kwamba mauti ni adui na ameshindwa, na wimbo wa pambio utakaofuata hautaonekana wa kulazimisha.

Jumuiya iliyopoa, watu wanakuja kwa zamu na ratiba tu: Luka 24:13-35, nyumbani, kukiwa na chakula. Msiharakishe kula.

Kijana anayesema haamini tena: msomee Tomaso kwanza, Paulo baadaye. Kama anapenda kusoma mwenyewe, mpe Injili zote nne na uache azione tofauti zake kabla hujamweleza chochote.

Gerezani, au kwa mtu aliyetoka kwenye ulevi na anaogopa macho ya washirika: Yohana 21. Soma polepole pale Petro anapohuzunika kwa kuulizwa mara ya tatu.

Msiba wa familia mchanganyiko, kama ilivyo nyumba nyingi za Tanga, Mombasa au Bagamoyo, ambapo wajomba na mashangazi Waislamu wameketi mkekani pamoja nanyi. Wao wanaamini kiyama na kufufuliwa. Mnapoachana ni kwenye habari za Yesu, kwa kuwa Kurani haikubali kwamba alisulibiwa. Mathayo na walinzi wake ataonekana kama mabishano. Soma 1 Wakorintho 15:35-44, mbegu na mwili, na uishie hapo. Hoja ya aya ya 12 hadi 19 ni ya kuzungumzwa siku nyingine, na watu waliokubali kuizungumza.